Mgonjwa karudi nyumbani na mpira wa kifuani: tuufunge usiku au tuuache?

SWALI: "Shikamoo dokta. Kaka yangu ana miaka 38, yuko mwezi wa pili wa dawa za TB. Mwezi uliopita akiwa Dar alibanwa pumzi ghafla, eksirei ikaonyesha pafu la kulia limesinyaa na kuna hewa kifuani. Wakamwekea mpira ubavuni unaoingia kwenye chupa yenye maji, akalazwa siku nyingi lakini hewa haikukata. Mwisho wakatoa chupa, wakaunganisha kakifaa ka plastiki kana kijimpira ndani kinachopepea, halafu mbele yake mfuko wa mkojo, tukaruhusiwa tukarudi Mwanza. Nesi alituelekeza lakini haraka haraka sikushika yote. Sasa mfuko unatuna mpaka unakaza, ni kawaida? Usiku akilala tuufunge mpira na kibanio hewa isiingie? Mama anamkataza kukohoa anasema pafu litachanika, jirani naye anasema huo mpira ukikaa sana unaozesha pafu. Na kliniki ni Dar wiki ijayo, shemeji ameshakata tiketi ya ndege ili asichoke na basi. Naomba msaada."

JIBU: Marahaba dada, na pole sana kwa kuuguza. Naomba tuanze na hilo la mfuko kutuna maana mengine yanaweza kusubiri, hilo halisubiri. Nyanyuka ukauangalie sasa hivi. Mfuko wa mgonjwa mwenye hewa kifuani unatakiwa uwe umelegea tu, una kimajimaji chake chini basi. Ukiwa umetuna na umekaza maana yake hewa inayotoka kifuani imekosa pa kwenda, na ikikosa pa kwenda inarundikana kulekule ilikotoka, kwenye kifua cha kaka yako.

Angalia sehemu ya juu ya mfuko kama kuna kitundu au kikofia kidogo cha kupumulia. Mifuko iliyotengenezwa maalum kwa ajili ya kifua huwa nacho, na si mara moja nimekuta ndugu wamekibandika plasta kwa nia njema kabisa, eti isinuke, au isimwagikie shuka. Kama umebandika, bandua. Sasa kama ni mfuko wa mkojo wa kawaida kama unavyosema, mingi haina tundu lolote kwa sababu mkojo hauna hewa, haikufikiriwa hiyo. Kwa hiyo fungua koki ya chini, mwaga maji kwenye beseni, acha na hewa itoke mpaka mfuko ulegee, kisha funga. Utatuna tena baada ya muda, kwa hiyo huo si utatuzi, ni wa kukufikisha hospitali leo hii wakakubadilishie mfuko au wakautoboe. Ndio, wanautoboa, huwa tunakata kona ya juu ya mfuko kidogo na mkasi, mambo yanakuwa sawa. Na kama uko mbali na hospitali na unaona kaka anaanza kubanwa, kata mwenyewe hiyo kona ya juu, sentimita moja tu inatosha. MFUKO peke yake dada, sio mpira, mpira wowote unaotoka ubavuni usiguswe na mkasi.

Najua hapo unajiuliza, nikitoboa si hewa itaingia kifuani? Haitaingia, na hili ukilielewa maswali yako mengine karibu yote yanajijibu yenyewe.

Pafu halijabanwa kwenye mbavu na gundi. Limefunikwa na utando mwembamba, na ukuta wa ndani wa mbavu nao una utando wake, katikati ya tando hizo mbili kuna majimaji vijiko vichache tu vya chai na hakuna hewa kabisa. Kwa kuwa hakuna hewa, kifua kikipanuka pafu linafuata, ndo tunavyopumua. TB ikila sehemu ya pafu iliyo karibu na ukingo inaweza kutoboka, hewa ikavuja kutoka ndani ya pafu kuingia kwenye hiyo nafasi, pafu likaachana na ukuta likasinyaa. Mpira aliowekewa kaka yako haumo ndani ya pafu, uko kwenye hiyo nafasi ya katikati, kazi yake ni kutoa hewa iliyoingia mahali pasipo pake. Kwa hiyo jirani mwambie taratibu tu kwamba mpira hauozeshi pafu, haumo humo. Ila ana nusu ya ukweli bila kujua, mpira ukikaa muda mrefu vijidudu vinaweza kupita pembeni yake vikaleta usaha, ndo maana usafi nitausisitiza huko mbele.

Sasa hako kakifaa kanakopepea ndo moyo wa mambo yote. Kanaitwa vali ya Heimlich, ni yule yule daktari Mmarekani wa ile njia ya kumkandamiza tumbo mtu aliyepaliwa na chakula, alikabuni miaka ya 1960 na kakatumika sana kwa askari wa Marekani waliojeruhiwa Vietnam, huko vitani chupa ya maji inamwagika, inapasuka, haibebeki. Ndani kuna kijimpira laini kimebanana. Hewa ikitoka kifuani inakisukuma kinafunguka inapita, kaka akivuta pumzi kinajibana chenyewe hakuna kinachorudi. Ni ile ile vali ya tyubu ya baiskeli ila imegeuzwa, ya baiskeli inaruhusu upepo uingie usitoke, hii inaruhusu utoke usiingie. Kwa hiyo mlinzi wa kuzuia hewa isiingie ni hiyo vali, sio mfuko. Mfuko upo kukinga majimaji tu yasichafue nguo, ukitoboka juu hakuna kitu.

Hapo ndo tunafika kwenye kibanio cha usiku. USIFUNGE. Usifunge usiku, usifunge akienda chooni, usifunge mkiwa kwenye gari, usiukunje ukaufunga na uzi kwa sababu anataka kuvaa shati. Pafu lake bado linavuja, hewa inaendelea kuingia kwenye ile nafasi kila anapopumua au kukohoa, usiku na mchana, haijui kama amelala. Ukifunga njia ya kutokea presha inapanda mle ndani, pafu linabanwa zaidi, ikiendelea inasukuma hadi moyo na mishipa mikubwa upande wa pili, damu inashindwa kurudi kwenye moyo, na mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Sikutishi dada, nakwambia kwa sababu nimeona zaidi madhara ya mipira iliyofungwa kwa huruma kuliko ya mipira iliyoachwa wazi. Mgonjwa mwenye hewa inayovuja kufungiwa mpira ni uamuzi wa daktari, akiwa wodini, anaangaliwa. Na asubuhi na jioni pitisha mkono kwenye mpira wote kuanzia ubavuni, kuhakikisha haujakunjika chini ya mgongo wala kubanwa na mkanda, maana mpira uliokunjika ni sawasawa na uliofungwa.

Kingine cha kukagua leo ni mwelekeo wa vali. Ikiunganishwa kinyume inageuka kuwa kizibo. Chungulia ndani, ile sehemu bapa ya kijimpira, inayopepea, lazima ielekee kwenye mfuko, isielekee kwa mgonjwa. Za Heimlich huwa zina ncha ya bluu, ya bluu inaenda upande wa mgonjwa, nyingine zina mshale na mshale lazima uelekee mfukoni. Ukishahakikisha piga picha na simu uihifadhi, ili siku ikichomoka usiku wa manane na umeme umekatika usianze kubahatisha. Viungio vyote viwili, mpira na vali, vali na mfuko, vizungushie plasta imara lakini usiifunike vali yenyewe, unahitaji kuiona.

Akikohoa iangalie. Ikipepea, na wakati mwingine inatoa kamlio fulani, maana yake hewa bado inatoka na njia ni nzima. Isipopepea kabisa kuna mawili. La kwanza zuri, pafu limefunga tundu lake na limejaa. La pili baya, vali imenata. Majimaji ya kifuani yana protini, yakikauka kwenye kile kijimpira yanagandisha, hii ndo sababu hiki kifaa ni kizuri kwa hewa na kibovu kwa usaha mzito au damu. Utatofautisha vipi? Mwangalie mtu, sio kifaa. Vali imenyamaza na kaka anapumua vizuri, anakula, anaongea sentensi nzima, basi andika kwenye daftari uwaambie kliniki, inaweza kuwa habari njema. Vali imenyamaza na kaka anahema, hiyo ni dharura. Waombe vali ya akiba hospitalini, wengi hawatoi mpaka uombe.

Mama umshukuru kwa upendo ila kwenye kukohoa hapana. Kukohoa na kuvuta pumzi ndefu ndivyo vinavyolijaza pafu na kusukuma hewa itoke, asipokohoa makohozi yanabaki chini huko yanaleta nimonia juu ya TB. Kinachomzuia huwa ni maumivu, mpira unasugua mbavuni jamani unauma, kwa hiyo ampe dawa ya maumivu kwa saa kama alivyoandikiwa asisubiri iume kwanza, na akitaka kukohoa akumbatie mto ubavuni pale penye mpira. Atembee uani, ainue mkono wa kulia mpaka juu ya kichwa mara kadhaa kwa siku, watu wengi wanauficha ule mkono wiki nyingi wanaishia na bega lililoganda. Ile ya kupuliza glovu au baluni ambayo wodi nyingi zinafundisha, aulize daktari wake kwanza kama hewa bado inavuja, kuvuta pumzi ndefu ndani hakuna ubishi lakini kupuliza kwa nguvu inategemea.

Usafi sasa. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada, hata kama unagusa kidogo. Kidonda kinabadilishwa gozi na nesi kituo cha afya kilicho karibu kwa ratiba mliyopewa, na siku yoyote gozi likilowa au likibanduka usingoje ratiba. Usipake asali, mafuta wala majani. Kuoga aoge kwa kitambaa na maji sehemu nyingine zote, ubavu huo ubaki mkavu, ziwani asahau kwa sasa. Mpira ubandikwe pia na plasta chini kidogo ya kidonda ili mfuko ukivutika uvute plasta usivute mshono. Mfuko ukae chini ya usawa wa kifua muda wote, ila usining'inie kwa uzito wake kwenye mpira, tengenezeni mkanda wa kitambaa begani. Mwage ukifika nusu au mara moja kwa siku, vaa glovu, pima kwa chombo chenye alama, andika kiasi na rangi kwenye daftari muda uleule kila siku, kisha mimina chooni na usafishe chombo kwa jiki. Na kwa kuwa hewa inayotoka hapo inatoka kwenye pafu lenye TB, madirisha yawe wazi, hilo la madirisha mlipaswa kuwa mnalifanya hata bila mpira.

Kula ale vizuri, dagaa, mayai, maharage, maziwa. Kuna watu wanawanyima wagonjwa maji ya kunywa wakidhani yanaenda kujaa kwenye mfuko, hakuna njia kama hiyo mwilini. Sigara na bangi hapana, sio kwa sababu ya maadili, moshi unaharibu vifuko vya hewa vya pafu na hewa inarudi tena. Na tendo la ndoa, hamjauliza ila najua kuna mtu anataka kujua, akiwa hahemi na mpira hauvutwi hakuna katazo.

Ndege. Tiketi hiyo dada irudisheni. Ndani ya ndege presha ya hewa huwa ndogo, ni sawa na kukaa kwenye mlima wa mita 2,000 na ushee, na hewa iliyofungiwa mahali popote ikikutana na presha ndogo inatanuka, iliyobaki kifuani inaweza kutanuka kwa robo au zaidi ukilinganisha na usawa wa bahari. Mtu mwenye pafu linalovuja, vali anayoitegemea ndo hiyo moja, mfuko wenyewe hauna tundu, juu huko hakuna daktari wa kifua. Wapo wagonjwa wanaosafirishwa hivyo lakini ni kwa mpango maalum, na mhudumu wa afya pembeni. Abiria wa kawaida miongozo mingi inataka angalau siku 7 zipite baada ya eksirei kuonyesha pafu limejaa. Basi nalo ni zaidi ya kilomita 1,000, mpira unavutwa, kulala ni kwa kukunjika, silipendi sana lakini ni salama kuliko ndege. Kwangu mimi kuna njia ya tatu bora, pigieni wodi ile ya Dar namba iliyo kwenye karatasi ya ruhusa, waulizeni kama eksirei na kuangaliwa kwa wiki ijayo vinaweza kufanyika hapo Mwanza. Mna Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, wanahitaji tu barua na zile eksirei za zamani. Hakuna daktari atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo.

Nikueleze na kinachokuja ili msije mkashtuka. Tundu la pafu kwa mgonjwa wa TB linachelewa kufunga kuliko kwa kijana ambaye pafu lake lilikuwa zima, wiki kadhaa ni jambo la kawaida, na dawa kubwa ya kulifunga ni zile zile dawa za TB, akiziruka hakuna mpira utakaomsaidia. Kumtoa na kifaa hiki badala ya kumlaza mwezi mzima sio kwamba wamemtupa, ni uamuzi wa maana, nyumbani anatembea, anakula, hagharamii kitanda. Gharama yake ni hii mnayoibeba nyinyi, ya kuwa macho. Ile chupa ya maji ni bora kwa kuona hewa inavyotoka na haizibi kirahisi, ila ukiiangusha au ukiinyanyua juu ya kifua ni shida. Kuna viboksi vya kisasa vya kuning'iniza kiunoni, na vingine vya betri vinavyopima hewa inayovuja na kuonyesha kwenye kioo, vizuri sana, lakini bei yake siwezi kukwambia mkaviuzie ng'ombe wakati vali na mfuko vikitunzwa vinafanya kazi. Hewa isipokata kabisa wanaweza kujaribu kugandisha pafu kwenye ukuta kwa dawa, ila pafu lazima liwe limejaa kwanza, au kuweka damu yake mwenyewe kidogo kupitia mpira ili izibe tundu, na mwisho kabisa upasuaji. Hatua hizo sio za leo.

Sasa ya kukimbilia hospitali, hata iwe saa nane usiku. Kuhema ghafla au kuzidi kuhema, midomo kubadilika rangi, moyo kwenda mbio, kushindwa kumaliza sentensi. Shingo, uso au kifua kuvimba na ukiminya ngozi unasikia inachachatika, hiyo ni hewa imepita chini ya ngozi. Homa na baridi, usaha kwenye kidonda au mfukoni. Damu mbichi, au majimaji kuruka ghafla mpaka nusu lita kwa siku wakati jana yalikuwa kidogo. Akianza kuhema wakati mnatafuta gari angalia haraka, mpira umekunjika? mfuko umekaza? vali iko kinyume? Nyoosha, legeza, geuza. Ukiona vali imeziba na hali ni mbaya chomoa vali, tumbukiza ncha ya mpira sentimita 2 hivi kwenye chupa ya maji safi isiyofungwa mdomo, iwe chini sakafuni, muende hivyo hivyo. Huna chupa, bora muende mpira ukiwa wazi kuliko ukiwa umeziba. Mgonjwa akae, asilazwe chali, na isiwe bodaboda, tafuta bajaji au gari.

Vali ikiachana na mpira bila yeye kubanwa, futa ncha kwa spiriti, rudishia kwa kufuata ile picha yako, mwambie akohoe. Mpira wenyewe ukichomoka ubavuni usiurudishe hata kama umetoka nusu. Ziba tundu kwa gozi safi, bandika plasta pande tatu uache upande mmoja wazi ili hewa ikitaka kutoka itoke, uende.

Kliniki uende na daftari, eksirei zote na kadi ya dawa za TB. Waulize pafu limejaa kiasi gani, vali ibadilishwe lini, na mfuko sahihi mtaupata wapi. Huwa tunatoa mpira hewa ikiwa imekata siku nzima au zaidi na eksirei inaonyesha pafu limekaa mahali pake, kwa hiyo zile siku ambazo vali ilinyamaza na yeye hana shida, ziandike vizuri na tarehe. Na kama kaka ni mtu wa kuzamia, iwe ziwani au pwani kwenye pweza na majongoo bahari, awaambie mapema, kwa sababu hata mpira ukishatoka kazi hiyo huwa hatumruhusu mtu kuirudia kwa pafu lililowahi kutoboka.